Ukishafunga uzazi, maji ya korodani yanakwenda wapi?

Baba mmoja wa watoto wanne, mkazi wa Morogoro, ameniandikia hivi: "Daktari, habari za kazi. Wiki saba zilizopita nilifanyiwa vasektomi kwa makubaliano na mke wangu. Kidonda kimepona vizuri. Ila nikijipapasa naona juu ya korodani ya kushoto, kwa nyuma, pamejaa kuliko zamani. Hapaumi sana, lakini pana uzito fulani. Kaka yangu mkubwa anasema korodani hazina habari kwamba mrija umekatwa, zinaendelea kutengeneza tu, na kisichotoka kitajaa humo humo mpaka ziharibike. Naomba unijibu kitaalamu, usinifiche: hayo maji yanakwenda wapi?"

Ndugu yangu, sitakuficha. Kaka yako amepatia nusu ya kwanza: korodani kweli hazina habari, na zitaendelea kutengeneza mbegu na maji kwa miaka mingi ijayo. Nusu ya pili ndiyo aliyokosea. Maji ya korodani hayakuwa yakitokea kwenye mrija uliokatwa hata kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Karibu yote yalikuwa yakirudishwa kwenye damu huko juu, kabla hayajafika hapo, na kazi hiyo inaendelea leo kama ilivyokuwa mwaka jana. Ipo hali ambayo korodani hujaa maji kwa ndani mpaka zikanyauka. Imeonekana waziwazi kwa panya wa maabara, na chanzo chake si mrija kukatwa, bali ni seli za njia ya juu kukosa ishara zinazoziamuru zifyonze. Nitakueleza hali hiyo kwa kirefu, kwa sababu ukiielewa utajua kwa nini wewe haumo.

Tuanzie ndani. Korodani moja imejaa mirija myembamba iliyojikunjakunja, ambayo ukiinyoosha na kuiunga inafika mamia ya mita. Kwenye kuta za mirija hiyo ndimo mbegu zinamotengenezwa, kazi inayochukua siku 70 na kidogo kwa kila kundi la mbegu, na seli zinazozilea, ziitwazo seli za Sertoli, zinatoa maji usiku na mchana. Kazi kubwa ya maji hayo ni kubeba. Mbegu iliyotoka kutengenezwa ina mkia lakini bado haiwezi kuogelea. Bila kusukumwa haifiki popote. Maji yanazipeleka kwenye wavu wa mirija midogo ukingoni mwa korodani, na kutoka hapo zinaingia kwenye vijirija vya kutolea, ambavyo kwa binadamu ni kumi na kitu tu. Vijirija hivyo vinaungana na mrija mmoja, epididimisi, wenye urefu wa mita 6 hivi, uliokunjwa ukaenea kwenye sentimita chache nyuma ya korodani. Epididimisi ikiisha ndipo unapoanza mrija wa mbegu wenyewe, ule mgumu kidogo unaopanda kuelekea tumboni. Huo ndio daktari wako aliukata.

Sasa shika hesabu hii. Vijirija vya kutolea vinafyonza takriban asilimia 90 ya maji yote yanayotoka korodani. Kinachobaki kinazidi kupunguzwa ndani ya epididimisi, hata mbegu zinapofika mkiani zimesongamana kwenye maji kidogo sana. Ni kama mto wa msimu kule Dodoma unaozama mchangani kabla haujafika darajani: ukiziba chini ya daraja, kijiji cha juu hakifuriki, kwa kuwa maji yalishazama.

Ndiyo maana hata shahawa yako haikupungua kwa macho. Mchango wa korodani na epididimisi kwenye shahawa ni chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa inatoka kwenye tezi mbili zilizo nyuma ya kibofu cha mkojo, na inayosalia inatoka hasa kwenye tezi dume. Zote zinamwaga maji yake mbele ya mahali palipokatwa. Mwanaume aliyefunga uzazi anatoa shahawa ile ile, isiyo na mbegu.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu busha, kwa sababu nadhani ndilo lililo kichwani mwa kaka yako. Watu wa Pwani na Morogoro wameona wazee wenye korodani zilizojaa maji, na ni rahisi kudhani ni maji ya uzazi yaliyokosa njia. Sivyo. Maji ya busha hukaa nje ya korodani, katikati ya tabaka mbili za ngozi laini inayoizunguka, na huku kwetu mara nyingi yanaletwa na minyoo wa matende, wanaoenezwa na mbu na kuvuruga mishipa ya limfu. Mbegu hazihusiki. Korodani yenyewe imefungwa ndani ya ganda jeupe, gumu, lisilotanuka sana, na ugumu wa ganda hilo ndio unaofanya maji ya ndani yawe jambo la hatari yakikosa kufyonzwa.

Namna yanavyofyonzwa ni hivi. Ukikata kijirija kimoja cha kutolea na kukitazama kwa hadubini, utaona ukuta wa ndani umepangwa seli za aina mbili. Za kwanza zina vinywele vinavyotikisika. Za pili, zilizo nyingi zaidi, hazina vinywele hivyo. Upande unaotazama maji umejaa vinyuzi vifupi vilivyosongamana kama brashi, na hizo ndizo mafundi wa kufyonza. Anayezijua seli za figo atashtuka kwa jinsi zinavyofanana nazo. Upande wa chini, unaotazama damu, seli ina pampu inayotupa sodiamu nje bila kukoma kwa kutumia nishati. Sodiamu ikipungua ndani ya seli, nyingine inavutwa kutoka kwenye maji ya kijirija, ikipita hasa kwenye protini iitwayo NHE3, ambayo kila ikiingiza ioni moja ya sodiamu inatoa moja ya haidrojeni. Kloridi na bikaboneti nazo zina milango yake. Chumvi ikishavuka, maji yanaifuata, yakipita kwenye matundu maalumu ya protini ziitwazo akwaporini. Aliyezigundua akwaporini, Peter Agre wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Kwenye vijirija vya kutolea, akwaporini namba 1 ni nyingi mno.

Mitambo hiyo yote haijiendeshi. Seli ni lazima iambiwe itengeneze NHE3 ngapi, ifungue mifereji ya kloridi kiasi gani, idumishe vinyuzi vyake vya brashi. Anayeiambia, kwa sehemu kubwa, ni homoni ambayo wanaume wengi hawapendi hata kusikia kwamba wanayo: estrojeni.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Dennis Lubahn, Kenneth Korach na wenzao, walitengeneza panya ambao jeni ya kipokezi cha estrojeni (kipokezi ni protini ya seli inayopokea ishara), kile cha aina ya alfa, imezimwa. Majike waligeuka tasa, na hilo lilitarajiwa. Lililowashangaza ni kwamba madume nao walikuwa tasa. Kwa nini dume ashindwe kuzalisha kwa kukosa kipokezi cha homoni ya jike? Fikra ya kwanza ilikuwa kwamba mbegu zenyewe zinaihitaji estrojeni ili zikomae. Lakini ukifuatilia korodani za panya hao tangu ujana unakuta kitu kingine. Mwanzoni zinakua, tena kupita za wenzao wazima. Mirija ya ndani imetanuka kwa maji. Baadaye, umri ukisogea, kuta za mirija hiyo zinakonda, seli zinazozaa mbegu zinapotea, na korodani inasinyaa.

Rex Hess wa Chuo Kikuu cha Illinois pamoja na wenzake ndio waliotegua kitendawili, mwaka 1997. Jaribio lao mojawapo nalipenda kwa wepesi wake. Walichukua vipande vya vijirija vya kutolea, wakavifunga ncha zote mbili ili maji ya ndani yasiwe na pa kutokea, wakaviweka kwenye chombo cha maabara, wakasubiri. Vipande vya panya wazima vilinywea, kwa maana kuta zake zilifyonza maji yaliyokuwa ndani. Vile vya panya wasio na kipokezi vilivimba. Hapakuwa na korodani wala mrija wa chini katika jaribio hilo. Ni ukuta tu wa kijirija, wenye kipokezi au usio nacho. Maji yaliyoshindwa kufyonzwa yalikuwa yakirudi nyuma na kuigandamiza korodani ndani ya ganda lake gumu mpaka inakufa. Na mbegu chache zilizofaulu kupita zilifika kwenye epididimisi zikiwa zimezimuliwa badala ya kukolezwa.

Ushahidi wa kukata shauri ulitoka mwaka 2000. Watafiti walichukua seli zinazozaa mbegu kutoka kwa madume wasio na kipokezi, wakazipandikiza kwenye korodani za madume wenye kipokezi, na madume hao wakazaa watoto kutokana na seli hizo. Mbegu hazikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye njia. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba kwenye vijirija vya panya wasio na kipokezi, NHE3 imepungua sana, na ile brashi ya seli imefupika na kupotea mahali pengi. Kwa hiyo mnyororo mzima ukaonekana: estrojeni inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, kipokezi kinakwenda kwenye jeni na kuamuru protini za kuvusha chumvi zitengenezwe, chumvi inavuka, maji yanafuata.

Kuna jambo hapa ambalo nikilifundisha huwa nasimama kidogo. Estrojeni hiyo haitoki mbali. Seli zinazogeuka kuwa mbegu, na mbegu zenyewe, zina kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Katika maji ya wavu wa korodani ya wanyama wa maabara imepimwa mpaka pikogramu 250 kwa mililita, kiasi kinachozidi kile cha kwenye damu ya jike. Mbegu zinasafiri na homoni inayoiandaa njia ya mbele yao. Kwa hiyo ukiona mtu anauza vidonge vya "kuondoa homoni za kike" kwa wanaume, bila kipimo chochote cha damu, mkwepe. Zipo dawa halali za kushusha estrojeni, na madaktari bingwa wanazitumia kwa wanaume wachache baada ya kupima uwiano wa homoni zao. Kuzimeza kiholela ni kuchezea kitu ambacho mwili wa mwanaume unakihitaji kwa mifupa na kwa uzazi.

Estrojeni ni ishara ya polepole, inayofanya kazi kwa saa na siku. Kando yake ipo nyingine inayokaa kwenye utando wa seli na kuendesha mambo ya papo kwa papo. Kwenye seli zile zile za kufyonza kuna kipokezi kiitwacho ADGRG2, chenye sehemu ndefu inayoning'inia nje ya seli na mwili unaopita kwenye utando mara saba. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mwaka 2004 panya waliozimwa jeni hiyo walionyesha picha inayofanana na ile ya kwanza: maji yamejaa upande wa korodani, mbegu zimekwama kwenye vijirija vya kutolea, dume ni tasa.

Jinsi kipokezi hiki kinavyofanya kazi ilielezwa vizuri mwaka 2018 na kundi la watafiti wa China. Vipokezi vya ukoo huu huzungumza na ndani ya seli kwa kupitia protini za G, yaani wajumbe walio chini ya utando, na hapa protini inayobeba ujumbe ni ile iitwayo Gq. Lakini wao walimkuta mshiriki mwingine, beta-arrestini-1. Protini za jamii ya arrestini zilijulikana kwanza kwa kazi ya kuzima vipokezi vilivyofanya kazi kupita kiasi. Kwenye kijirija cha kutolea, hii inafanya kinyume cha kuzima: inakuwa kiunzi kinachokishika kipokezi cha ADGRG2 upande mmoja na mfereji wa kloridi uitwao CFTR upande mwingine, ili viwili hivyo vikae pamoja kwenye utando unaotazama maji. Vikiwa pamoja, mfereji unabaki wazi kwa kiwango kinachotakiwa. Punguza au ondoa mmojawapo, kipokezi, Gq au beta-arrestini-1, mkondo wa kloridi unashuka, mizani ya asidi ndani ya kijirija inavurugika, na ufyonzaji unakwama. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walipochochea kipokezi kingine cha jirani, kile cha aina ya 2 cha homoni ya angiotensini, vijirija vilivyokuwa vimeshindwa vilirudi kazini. Maana yake ni kwamba seli ina zaidi ya mlango mmoja wa kupokea amri hiyo hiyo, na siku moja dawa inaweza kupita mlango wa pili pale wa kwanza ulipoharibika.

Zile seli zenye vinywele nisiziache. Kwa muda mrefu tulifundisha kwamba vinasukuma mbegu mbele. Kazi iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba kwa panya vinafanya zaidi kazi ya kukoroga: vinayazungusha maji ili mbegu zisigandane wakati maji yanapungua. Panya wasio na vinywele hivyo mbegu zao zilishikana mafungu mafungu na kuziba vijirija. Inaeleweka, ukiondoa maji tisa katika kila kumi, kinachobaki kitaganda usipokikoroga.

Utauliza kama mambo ya panya yanatuhusu sisi. Si yote, na sitaki uyachukue yote. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanaume wa miaka 28 aliyezaliwa na kipokezi cha estrojeni alfa kilichoharibika. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na mifupa yake ilikuwa bado haijafunga kukua. Idadi ya mbegu zake ilikuwa ya kawaida, ila zilizokuwa hai zilikuwa chache. Kwa hiyo binadamu hakufuata njia ya panya hatua kwa hatua, ingawa mbegu zake nazo hazikuwa salama.

Kwa upande wa mfereji wa CFTR na kipokezi cha ADGRG2, binadamu anatupa ushahidi wa moja kwa moja, na huu ndio ninaotaka umsomee kaka yako. Wapo wanaume wanaozaliwa bila mirija ya mbegu kabisa, kulia na kushoto. Wengi wao wana kasoro kwenye jeni ya CFTR, ile ile ambayo ikiharibika zaidi huleta ugonjwa wa mapafu na kongosho uitwao sistiki fibrosisi. Na mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba baadhi ya waliobaki wana kasoro kwenye ADGRG2. Mwanaume kama huyo hajawahi kuwa na njia ya kutokea tangu tumboni mwa mama yake. Kwa kawaida anakua, anabalehe, anaoa, na anagundua tatizo anapotafuta mtoto. Akipimwa, korodani zake mara nyingi ni za ukubwa wa kawaida na ndani yake mbegu zinatengenezwa. Madaktari huzivuna kwa sindano na kuzitumia kupandikiza mimba, jambo linalofanyika tangu miaka ya 1990. Wewe mrija wako umefungwa wiki saba. Wake haukuwapo kwa miaka thelathini, na korodani haikuharibika.

Turudi kwenye kile unachokipapasa. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya kichwa cha epididimisi imeundwa na vijirija vya kutolea vyenyewe, na kichwa hicho kinakaa juu ya korodani kwa nyuma, mahali hasa ulipopataja. Baada ya vasektomi maji yanafyonzwa kama kawaida, lakini mbegu hazifyonzwi kama maji. Zinajikusanya kwenye epididimisi, zinazeeka, zinavunjikavunjika, na mabaki yake yanaliwa na seli za kinga na kurudishwa mwilini. Hadi mwili uzoee mpango huo, epididimisi inatanuka na kuwa nene kidogo chini ya kidole. Tofauti na korodani, yenyewe haimo ndani ya ganda gumu, kwa hiyo ina nafasi ya kutanuka bila kuumiza kiwanda. Wanaume wengi wanahisi uzito huo kwa wiki au miezi kisha wanausahau.

Wengine hupata kijinundu kidogo karibu na mahali palipokatwa, mbegu zilipovuja na kuzungukwa na seli za kinga. Mara nyingi hakina madhara. Zaidi ya nusu ya wanaume waliofunga uzazi hutengeneza kingamwili dhidi ya mbegu zao wenyewe. Hazijaonekana kuleta ugonjwa, ila zinaweza kupunguza mafanikio ya mtu anayetaka kuunganishwa tena. Na kwa kuwa umeniomba nisikufiche: mmoja au wawili kati ya 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu yanayowasumbua kweli, na hao wanahitaji kutibiwa, wasiambiwe kwamba wanajidhania. Nguvu za kiume hazipotei, kwa sababu testosteroni haikuwa ikipita kwenye ule mrija. Inaingia kwenye damu moja kwa moja kutoka seli zilizo katikati ya mirija ya korodani.

Kwako sasa hivi ningefanya hivi. Vaa chupi inayobana kiasi na kuishikilia korodani isining'inie, hasa ukiwa kazini umesimama. Uzito ukikusumbua, dawa ya kawaida ya maumivu inatosha, baada ya kumuuliza mfamasia kuhusu tumbo na figo zako. Jipapase ukiwa umetoka kuoga maji ya moto, polepole, ukitofautisha sehemu mbili: korodani, ambayo ni laini na duara, na epididimisi, ambayo ni kama kamba iliyolala nyuma yake. Kujaa kwa ile kamba si jambo la haraka. Lakini ukikuta uvimbe mgumu kwenye korodani yenyewe, nenda ukapigwe picha ya mawimbi ya sauti hata kama hauumi, kwa maana huo hautokani na vasektomi na unahitaji macho ya daktari. Homa, ngozi ya pumbu kuwa nyekundu na ya moto, au maumivu yanayopanda ghafla, usisubiri asubuhi.

Lililobaki ni kipimo. Mbegu zilizokuwa zimeshavuka mahali palipokatwa bado ziko njiani, na kwa wiki saba huwezi kujua zimeisha. Ukitimiza miezi mitatu peleka shahawa maabara, zikaangaliwe kwa hadubini kama mbegu zimebaki. Waombe wakupe majibu kwa maandishi. Mpaka siku hiyo, wewe na mama watoto endeleeni na njia ile mliyokuwa mkitumia kabla ya upasuaji.